Nani anamsikiliza msikilizaji wa Lokori?

Redio ni chombo chenye adabu kubwa. Hutoa sauti bila kujua inamfikia nani. Mama anayesikiliza taarifa ya habari kandokando ya Mto Kerio, pale Lokori, hajulikani na mtangazaji aliyeko Lodwar au Nairobi. Akiizima katikati ya hotuba ya mwanasiasa, au akiongeza sauti mahubiri yanapoanza, tendo hilo hubaki baina yake na nafsi yake. Hivi ndivyo watu wa Afrika Mashariki walivyosikiliza kwa miongo mingi, hata nyakati ambazo kusikiliza kulikuwa jambo la hatari. Mnamo 1990, vuguvugu la kudai vyama vingi lilipopamba moto nchini Kenya, polisi waliwakamata wauzaji wa kaseti na watu wa matatu kwa ajili ya nyimbo zilizodaiwa kuwa za uchochezi. Hata hivyo, ili kumkamata mtu, askari alilazimika kuisikia kaseti ikilia au kuikuta mkononi mwake. Hapakuwa na daftari lililoandika nani kasikiliza nini, mara ngapi, na saa ngapi za usiku.

Daftari hilo sasa lipo, nalo limo ndani ya simu.

Programu za simu za kusikilizia muziki, mahubiri, masimulizi na masomo zimeundwa kwa namna ambayo kila sauti inapochezwa huandikwa: jina lake, saa na dakika ilipoanza, mahali ilipokatizwa, aina ya simu, nambari ya kumtambulisha mtumiaji, na aghalabu mahali simu ilipo. Mazoea haya yalianza kwa hiari na kwa furaha. Mnamo 2002 mwanafunzi mmoja wa Chuo Kikuu cha Southampton, Uingereza, Richard Jones, alibuni mfumo aliouita Audioscrobbler, uliokusanya orodha ya nyimbo ambazo watu walizicheza kwenye tarakilishi zao ili wapendekezewe nyingine. Waliojiunga walijua wanachokifanya, tena walijivunia orodha zao. Leo hakuna anayeulizwa kama anataka kujiunga. Msikilizaji wa Turkana Mashariki anayesikiliza akiwa mbali na mawimbi ya simu huenda akadhani kwamba hakuna anayemwona, maadamu hana mtandao. Programu nyingi huendelea kuandika kimya kimya, zikingoja. Simu ikifika penye mawimbi, daftari lote la majuma mawili huondoka kwa sekunde chache.

Sisemi kwamba kila hesabu ya aina hii ni uovu. Msanii hulipwa kwa idadi ya mara ambazo wimbo wake umechezwa, na pasipo hesabu hakuna malipo. Mwalimu anayetayarisha masomo ya kusikilizwa angependa kujua ni somo lipi ambalo wanafunzi huliacha njiani. Ninachokipinga ni jibu jepesi tunalopewa tunapouliza kuhusu faragha yetu: kwamba majina yameondolewa, basi tusihofu.

Tuchukue mfano wa kubuni. Hebu tuwazie mstari mmoja wa daftari lisilo na jina. Simu iko Lokori. Jioni husikiliza masomo ya kemia ya kidato cha nne. Jumapili asubuhi husikiliza nyimbo za injili kwa Kijaluo. Usiku wa manane, tangu mwezi uliopita, husikiliza mazungumzo kuhusu namna ya kuishi baada ya talaka. Mtu wa namna hiyo jijini Nairobi ni mmoja kati ya maelfu. Pale Lokori ni mwalimu fulani, na mwanafunzi yeyote wa shule yake atamtaja kabla hujaumaliza mstari. Kilichomfichua si jina lake. Kimemfichua kazi yake, lugha yake na uchache wa watu wanaofanana naye mahali pale.

Wataalamu wamelithibitisha hili kwa data halisi. Mnamo 2006 kampuni ya Netflix ya Marekani ilitoa hadharani alama ambazo wateja wake wapatao 480,000 walizipa filamu, majina yakiwa yamefutwa. Watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Texas, Arvind Narayanan na Vitaly Shmatikov, walionyesha kwamba kwa kulinganisha alama hizo na maoni ambayo watu wameyaandika wazi kwingineko, yawezekana kumtambua mteja kwa kujua filamu chache tu alizozipenda na siku alizozipa alama. Shindano la pili lililokuwa limepangwa lilifutwa mnamo 2010, baada ya kesi kuwasilishwa mahakamani. Ikiwa mtu aweza kupatikana miongoni mwa watu karibu nusu milioni, atajificha wapi katika mji mdogo ambao kila mtu anajua ng'ombe wa jirani yake kwa rangi na kwa pembe?

Hapa ndipo somo langu la isimu linaponilazimisha kusema, kwani wahandisi wa programu hizi huiona lugha kama mpangilio tu wa simu, kitu cha kuchagua kwenye orodha kama ukubwa wa herufi. Lugha si hivyo. Katika Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, wanaume walisimamishwa kwenye vivuko vya Yordani wakaambiwa watamke neno moja, Shibolethi. Aliyetamka Sibolethi aliuawa. Maandiko yanataja watu 42,000. Sauti moja ya ulimi ilitosha kuwa kitambulisho. Mtu anayesikiliza Ng'aturkana saa mbili kila siku amekwisha kutaja asili yake hata kama hajaandika popote kwamba yeye ni Mturkana. Anayesikiliza Kipokoti, Kisomali, Kidinka au Kikirundi pale Kakuma amefanya vivyo hivyo, na wakati mwingine ametaja pia nchi aliyoikimbia.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya, iliyopitishwa 2019, inaorodhesha data ambayo ni nyeti na inayostahili ulinzi wa ziada: afya, asili ya kikabila na kijamii, dhamiri, imani, chembe za urithi, mali, ndoa, majina ya watoto na wazazi, na kadhalika. Lugha haimo katika orodha hiyo. Wala mazoea ya kusikiliza hayamo. Lakini mtu akiwa na kumbukumbu ya yale ninayoyasikiliza kwa miezi mitatu, anaweza kujaza karibu orodha nzima bila kuniuliza swali hata moja. Imani yangu ataijua kwa mahubiri na kaswida, afya yangu ataijua kwa vipindi vya ushauri, na kabila langu kwa lugha. Kwa maoni yangu, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ingepaswa kutamka wazi kwamba kumbukumbu za usikilizaji, hasa zinapobeba lugha na mahali, zichukuliwe kuwa data nyeti. Wamarekani walijifunza jambo la karibu na hili kwa njia ya ajabu. Mnamo 1987, jaji Robert Bork alipokuwa amependekezwa kuingia Mahakama ya Juu, gazeti moja la Washington lilichapisha orodha ya kanda za filamu 146 ambazo familia yake ilikuwa imezikodi dukani. Hazikuwa na aibu yoyote. Hata hivyo wabunge walishtuka, pengine kila mmoja akikumbuka kanda alizozikodi yeye mwenyewe, na mwaka uliofuata sheria ya kulinda kumbukumbu hizo ikapita.

Sisi tuna sababu nzito kuliko kanda za filamu. Baada ya machafuko yaliyofuata uchaguzi wa Desemba 2007, taifa lilijadili sana nafasi ya redio za lugha za kienyeji. Mtangazaji wa Kass FM, Joshua arap Sang, alifikishwa mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, na kesi yake ikasitishwa Aprili 2016. Tulibishana juu ya watangazaji. Hakuna aliyeomba orodha ya wasikilizaji, nyumba kwa nyumba, kwa sababu orodha hiyo haikuwapo. Ni afueni ambayo hatukuitambua wakati ule. Ramani ya simu zinazosikiliza lugha fulani katika mtaa fulani ni ramani ya kabila, na Mkenya aliyeishi Januari 2008 hahitaji kuelezwa ramani kama hiyo ingefanyiwa nini.

Kwa watu wa Lokori kuna jambo la karibu zaidi, nalo ni mifugo. Januari 2018 ulimwengu ulishangaa ilipobainika kwamba ramani iliyochapishwa na Strava, programu ya watu wanaofanya mazoezi ya kukimbia, ilikuwa imefichua kambi za kijeshi. Askari walikuwa wakikimbia kuzunguka kambi na simu zao, na njia zao zikang'aa jangwani mahali ambapo hapakuwa na kitu kingine. Hakuna jina lililotolewa. Sasa hamisha fikira hadi kwenye nyika zilizo baina ya Lokori, Lomelo na Kapedo, mahali ambapo wizi wa mifugo umewaua raia na maafisa wa polisi kwa miaka mingi. Vijana wa malishoni husikiliza nyimbo kwenye simu usiku. Daftari linaloandika mahali na saa ya kila wimbo linaandika, bila kukusudia, mahali ng'ombe walipolala. Msanii hahitaji kujua hilo ili alipwe. Kampuni nayo haina haja nalo. Basi kwa nini liandikwe?

Swali hilo, la kwa nini kitu kiandikwe, ndilo ambalo sheria inalisisitiza. Kifungu cha 25 kinataka data ikusanywe kwa lengo lililotajwa, isizidi mahitaji ya lengo hilo, wala isigeuzwe kwa jambo jingine. Wakazi wa kaskazini wana sababu ya kulielewa hili kuliko watu wa mijini. Katika Kaunti ya Garissa maelfu ya Wakenya waliwahi kujiandikisha kama wakimbizi miaka ya ukame ili wapate chakula na matibabu kambini. Alama za vidole walizozitoa wakiwa na njaa zilikuja kuwanyima vitambulisho vya taifa miaka mingi baadaye, kwani mfumo uliwatambua kuwa ni wageni. Aliyekuwa akiandika majina kwa ajili ya kugawa chakula hakukusudia hivyo. Ila daftari huishi muda mrefu kuliko nia ya aliyelianzisha.

Baadhi ya wasomaji watasema: kama ni hivyo, tusihesabu kabisa. Hapa ninasita, na ningeomba wanafunzi wa isimu wasite pamoja nami. Sensa ya 2019 iliwahesabu Waturkana zaidi ya milioni moja, na bado vitabu, masimulizi yaliyorekodiwa na masomo kwa Ng'aturkana ni haba. Anayetoa fedha za kutayarisha vipindi huuliza swali moja: wanasikilizwa na wangapi? Lugha isiyohesabiwa huonekana haina wenyewe. Zaidi ya hayo, mojawapo ya njia zinazopendekezwa za kulinda faragha ni kuficha kila kundi dogo: ikiwa wasikilizaji wa mahali fulani hawafiki, tuseme, 20, idadi yao haitolewi. Ni kanuni njema, nami ninaiunga mkono. Lakini ikitumiwa bila busara, Nairobi itabaki imejaa tarakimu na Lokori itakuwa kisanduku kitupu. Jamii ndogo huwekwa njia panda, ama ionekane hadi uchi wake, ama isionekane kabisa.

Kuna namna za kutoka katika njia panda hiyo, na moja yaweza kufundishwa darasani kwa sarafu. Mnamo 1965 mtaalamu Stanley Warner wa Marekani alieleza jinsi ya kuwauliza watu mambo ya siri bila kujua jibu la mtu binafsi. Namna inayofundishwa zaidi siku hizi ni hii. Mwalimu ana wanafunzi 40, naye anataka kujua ni wangapi husikiliza simu usiku baada ya kuambiwa walale. Kila mmoja arushe shilingi kumi kwa siri. Ukitokea upande wa simba, aseme kweli. Ukitokea upande wa nembo, arushe tena, na safari hii aseme "ndiyo" kwa simba na "la" kwa nembo, bila kujali ukweli. Waliosema "ndiyo" wakiwa 16, mwalimu anajua kwamba wapatao 10 walisemeshwa na sarafu. Wanabaki 6 kati ya wale 20 hivi waliosema kweli, yaani asilimia 30. Darasa limejulikana kwa kukisia, na hakuna mtoto hata mmoja anayeweza kuadhibiwa, kwa kuwa kila "ndiyo" yaweza kuwa ya sarafu. Google ilitangaza mwaka 2014 kwamba inatumia mbinu ya ukoo huu, na Apple ikafuata 2016. Simu yenyewe huirusha sarafu kabla ya kutuma chochote.

Udhaifu wake ni kwamba sarafu hutaka umati. Kwa watu 40 makadirio huyumba sana. Kwa watu 40,000 hutulia. Kwa hiyo Lokori haiwezi kuhesabiwa kila siku, kijiji kwa kijiji. Inaweza kuhesabiwa pamoja na kaunti nzima, ambayo ilikuwa na watu 926,976 katika sensa ile, na kwa mwezi badala ya siku. Hilo linamtosha mfadhili na linamtosha msanii. Mambo mengine hayahitaji hesabu ngumu: saa iandikwe kama juma, mahali paandikwe kama kaunti au pasiandikwe kabisa, nambari ya simu isiambatishwe na orodha ya nyimbo, na kila kilichozidi siku chache kifutwe. Mapendekezo ya wimbo unaofuata yaweza kutayarishwa ndani ya simu yenyewe, pasipo orodha kutoka nje. Kifungu cha 41 cha sheria kinawataka watengenezaji wautie ulinzi huu tangu wanapousanifu mfumo, na si baada ya malalamiko.

Hata hivyo, wahandisi wa mijini wanaposema "data ibaki kwenye simu", huwa wamewazia simu ya mtu mmoja. Katika familia nyingi za Turkana simu ni ya boma. Mume huitumia, mke huitumia, kijana hukesha nayo. Msichana aliyesikiliza kipindi kuhusu hedhi au kuhusu kuikataa ndoa ya mapema hamwogopi mtu wa California. Anamwogopa kaka yake atakayeifungua programu asubuhi na kukuta kimeandikwa juu kabisa: ulichosikiliza karibuni. Ulinzi unaomfaa huyu ni kitufe cha kusikiliza bila kuandikwa, kilicho wazi na rahisi kukiona. Katika Kiswahili tuna maneno mawili ambayo watu huyachanganya. Siri ni jambo linalofichwa. Faragha ni nafasi ambayo mtu hupewa ili awe peke yake, hata akiwa hana la kuficha. Msichana huyu hana siri ya aibu, ila amenyimwa faragha.

Walimu nao wasijione kuwa watazamaji tu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yalihamia kwenye redio, runinga na simu. Uchunguzi wa Human Rights Watch uliotolewa 2022, uliohusu bidhaa zaidi ya 160 za elimu katika nchi 49, uliona kwamba karibu 9 kati ya kila 10 zilikuwa na mienendo ya data iliyohatarisha au kukiuka haki za watoto. Kifungu cha 33 cha sheria yetu kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya data ya mtoto kuchakatwa. Septemba 2023 Kamishna aliitoza shule moja ya Uthiru faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuzichapisha picha za wanafunzi pasipo idhini ya wazazi. Mwalimu mkuu anayewaagiza wanafunzi wote waingie kwenye programu fulani ya kusikiliza masomo, kwa majina yao kamili na nambari za simu za wazazi, amefanya jambo la uzani uleule, ingawa hakuna picha inayoonekana ukutani.

Na idhini yenyewe ni ya namna gani? Sheria inataka iwe ya hiari, ya wazi na ya mtu aliyefahamishwa. Ninachokiona katika programu nyingi ni kurasa za Kiingereza cha mawakili, kisha kitufe kimoja cha kukubali. Mzee wa Lokori asiyesoma hukibonyeza kwa sababu bila hicho hapati wimbo. Hapo sioni idhini yoyote. Ajabu ni kwamba tunazungumzia vyombo vya sauti. Programu inayoweza kumletea mzee huyo saa nzima ya masimulizi kwa Ng'aturkana haishindwi kumwambia, kwa dakika moja na kwa Ng'aturkana hiyohiyo, kwamba itaandika anachosikiliza, itapeleka wapi, kwa muda gani, na akikataa wimbo utaendelea kuchezwa. Kuitafsiri dakika hiyo moja ni kazi ya siku chache kwa walimu wawili wa lugha walioko Lodwar. Mahakama Kuu iliamua Oktoba 2021, katika shauri la Huduma Namba, kwamba serikali ilipaswa kutathmini athari kwa faragha kabla ya kuanza kutoa kadi. Kampuni inayotaka masikio ya watu wa Turkana ianze na dakika hiyo kabla ya kuandika wimbo wa kwanza.